"Hiyo Si Yetu": Mzee Anaposukumwa Kati ya Serikali Mbili

Mhadhara kwa wahudumu wa afya ya jamii na wazee wa mtaa, Makadara, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, vijana, na nyinyi wahudumu wa afya mliotoka kuzungukia nyumba asubuhi hii mkaja moja kwa moja hapa, hamjambo.

Nianze na neno moja: kanjo. Neno hilo tulilipata enzi za halmashauri ya jiji. Halmashauri yenyewe ilikoma mwaka 2013 ugatuzi ulipoanza na kaunti ikachukua nafasi yake, lakini neno limebaki. Muulize mama anayepanga sukumawiki kando ya Jogoo Road kanjo ni nani. Atakwambia ni askari anayechukua mzigo wake na kuutupa kwenye lori. Hatakwambia kwamba hospitali ya Pumwani alikojifungua ni ya kanjo, au chekechea anakompeleka mtoto, au gari la zimamoto. Hili linaniuma sana. Mnyonge akishaijua kaunti kwa sura ya kumfukuza tu, siku ya shida hatabisha hodi kwake.

Na akibisha je? Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, na kuna shosho mmoja sijamsahau. Alikuwa amepita miaka 70, analea wajukuu wawili, mmoja hawezi kutembea. Shida zake zilikuwa tatu: pesa za wazee hazijaanza kuingia, mtoto anahitaji kiti cha magurudumu, na paa la nyumba ya kukodi linavuja hadi kwenye godoro. Alipanda matatu hadi ofisi ya kwanza. "Shosho, hiyo si yetu, jaribu kaunti." Akaenda. "Pesa za wazee si zetu, rudi kwa chifu." Ya tatu aliikuta imefungwa. Nilipokutana naye, pesa ya unga ya wiki nzima ilikuwa imekwisha kwa nauli. Hakuna aliyemtukana. Kila afisa alimweleza kwa usahihi mipaka ya kazi yake, na shosho akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mipaka yenyewe iko hivi. Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee kuanzia miaka 70, kwa watoto mayatima na kwa walio na ulemavu mkubwa, ni ya Serikali ya Kitaifa. Chifu na naibu wake pia ni wa huko. Kaunti imepewa na Jedwali la Nne la Katiba zahanati na hospitali zake, elimu ya chekechea, vituo vya kulelea watoto, zimamoto na kushughulikia majanga. Msimamizi wa wadi ni mtu wa kaunti. Nairobi ina wadi 85, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073. Gawanyeni wenyewe: kila wadi, kwa wastani, ina watu zaidi ya 50,000. Ofisi ya wadi haiwezi kumjua shosho kwa jina.

Lakini someni Kifungu cha 21 cha Katiba hiyohiyo, ibara ndogo ya tatu. Kinasema vyombo vyote vya dola na maafisa wote wa umma wana wajibu wa kushughulikia mahitaji ya makundi yaliyo hatarini, wakiwemo wazee, watoto na watu wenye ulemavu. Wote. Hakikutenga wa kitaifa na wa kaunti. Mimi nakielewa hivi: afisa anaweza kukosa mamlaka ya kulipa, lakini hana ruhusa ya kumwachia mzee mzigo wa kutafuta mlango wa pili. Simu apige yeye. Barua aandike yeye. Ikibidi, amsindikize.

Kaunti ikiamua jambo, linawezekana. Tangu 2023 watoto wa chekechea na shule za msingi za umma hapa Nairobi wanakula chakula cha mchana cha Dishi na County kwa shilingi 5. Swali langu kila mara ni kuhusu yule asiye na hata hiyo 5, na najua walimu wengi wanamlipia kimyakimya.

Sasa nije kwenu, wahudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 nchi nzima ilipata wahudumu 100,000, wakapewa mikoba yenye kipimo cha sukari na cha shinikizo la damu, na simu. Kila mmoja wenu ana takriban nyumba 100. Malipo yenu yanatoka serikali zote mbili, kwa hivyo hata kwenye mshahara nyinyi ndio kiungo. Nyinyi mnajua ni mlango gani haujafunguliwa tangu jana. Mnajua nani anameza dawa nusu ili zifike mwisho wa mwezi. Ofisi hazijui hayo mpaka mseme, na nyinyi mkisema lazima pawe na mtu wa kuwasikiliza. Naomba kila wadi iwe na kikao kimoja kwa mwezi, mhudumu, chifu na msimamizi wa wadi wakae meza moja, jina kwa jina.

Hapa nitatulia kidogo. Orodha ya wazee wanaoishi peke yao ni kitu cha hatari. Nimewahi kuona majina ya wanaosubiri msaada yamebandikwa ukutani, pamoja na nambari za simu, na wiki hiyohiyo matapeli wakaanza kuwapigia. Sheria ya kulinda data ipo tangu 2019. Majina hayo yasisomwe barazani, yasipewe mwanasiasa yeyote, hata akija na magunia ya unga.

Kuhusu pesa nitasema machache. Makadirio ya bajeti lazima yafike bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Lakini mkutano ukifanyika katikati ya asubuhi, ghorofani, bila mkalimani wa lugha ya ishara, anayekosekana ni yuleyule tunayemzungumzia. Nendeni kwa niaba yake, na mfike na maoni yameandikwa.

Mtaniuliza shosho alifikia wapi. Mhudumu mmoja wa mtaa wake alienda naye kwa chifu, akaenda naye wadi, akarudi tena bila yeye mara nne. Pesa za wazee zilianza kuingia. Kiti cha mjukuu kilikuja baada ya miezi saba. Paa bado linavuja, kwa sababu nyumba ni ya kukodi na mwenye nyumba hapatikani, na hadi leo sijapata ofisi iliyokubali kuwa hilo ni lake.

Karibuni maswali. Tuanze na mama pale nyuma, mkono wake umekuwa juu muda mrefu.