Boheti Angeandikwa Wapi?

Ndugu wakufunzi, na nyinyi wanafunzi mliobanana pale nyuma, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie nyenzo za bure za mtandaoni za kufundishia maadili ya utafiti. Kabla ya hapo, niungame.

Nilipokuwa kijana nilipata kibarua cha kujaza dodoso za kaya vijijini huko Newala. Siku ya mwisho mvua ikatukamata, gari la mradi likakwama kwenye utelezi, na mimi nimebakiza kaya saba. Nikakaa kwenye baraza la watu nikazijaza zote saba kwa kichwa changu. Hakuna aliyegundua. Tunaita kupika data. Naona wanaocheka ni wale waliowahi kushika mwiko.

Semina nilizokuja kuhudhuria baadaye zilianza zote ubaoni: kubuni data, kuchakachua data, wizi wa maandishi. Ni makosa matatu yaliyotajwa katika sera ya serikali ya Marekani ya mwaka 2000, na wengi wameyachukua kama yalivyo. Sina ugomvi nayo. Lakini hata ningeyakariri, zile saba ningezijaza tu, maana nilijua ni vibaya. Nilichokuwa sijui ni nimwambie nini msimamizi wangu jioni ile.

Ndiyo maana naipenda The Lab, video ya ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia uadilifu wa utafiti. Ni bure. Unachagua kuwa mmoja wa wahusika wanne, mwanafunzi au bosi wake au mwingine, video inasimama inakuuliza utafanya nini, kisha unaona uamuzi wako umekufikisha wapi. Inakula bando, kwa hiyo ioneshwe darasa zima kwa projekta moja. Shida yake ni kwamba vijana wetu wanaitazama kama sinema ya mbali. Basi chukueni mkasa, mwacheni mwenye koti jeupe huko huko kwao. Mleteni mtafiti wa korosho anayekagua ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho: miti mitatu aliyoipulizia salfa imeugua kuliko ile ambayo haikupuliziwa, na ripoti inatakiwa Jumatatu. Aifute mitatu? Aiache? Akiifuta, aseme? Waacheni wabishane kwanza, kanuni iingie baadaye.

COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzia Uingereza mwaka 1997, ina chati za maamuzi: ukishuku wizi wa maandishi anza hapa, akikubali nenda kule, asipojibu fanya hivi. Ni faili nyepesi, simu yoyote inazifungua. Halafu kuna hifadhidata ya Retraction Watch, ambayo tangu 2023 imewekwa wazi kwa kila mtu kupitia Crossref, shirika linalosajili makala za kitaaluma, na wakati huo ilikuwa na makala zaidi ya 40,000 zilizofutwa na majarida. Mwambie mwanafunzi aingize humo marejeo ya tasnifu yake. Wengine watatoka jasho.

Ila suala linalotuumiza zaidi huku kwetu ni jina la nani liandikwe, na hapo hatuhitaji mfano wa kuazima. Tendaguru iko hapo Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale, na wapagazi wakaibeba vichwani hadi bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Yule mjusi mkubwa yuko Berlin mpaka leo. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Waliotia majina kwenye maandiko ni wanasayansi wa Kijerumani, Janensch, Hennig na wenzao. Boheti alisubiri hadi 2007, mnyama mmoja alipoitwa Australodocus bohetii.

Sasa someni mwongozo wa kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, nao ni bure. Mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa, kwa mfano katika kupata data, awe ameandika au kuhakiki andiko, aliidhinishe, awajibike kwalo. Boheti anapita sharti la kwanza, la pili anaanguka. Mkufunzi wangu hapa mbele anatikisa kichwa, ngoja mama, nakuja. Mwongozo huo huo unasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki hayo mengine. Boheti alipewa lini? Na yule kijana anayezunguka Nanyumbu kwa bodaboda kukusanya data zako, wewe ulimpa rasimu aisome? Mimi nimefanya utafiti miaka mingi, niliowapa ni wawili.

Haya, jigaweni makundi manne. Kesi ya miti mitatu iko kwenye karatasi, ya Boheti iko nyuma yake. Chati za COPE ninazo kwenye flashi, msimalize bando zenu.