Abasia ya Iona: Nani Atazibua Mifereji ya Paa?

Bwana Mwenyekiti, wachungaji, wazee wetu, na ninyi wanachama mlioitoa Jumamosi yenu: asanteni kwa kunialika. Mmeniomba nieleze jinsi chama cha watu wa kawaida kinavyoweza kulirudisha jengo la kale. Nitawapeleka Scotland, kwa sababu mbili. Wapresbiteri wa Kenya wana ukoo huko. Ni Waskoti waliofungua misheni ya Kikuyu mwaka 1898. Tena kazi ya kule ilishakwisha, kwa hiyo tunaweza kuangalia yaliyofuata baada ya sherehe, jambo ambalo sisi hatupendi sana kuliangalia.

Iona ni kisiwa kidogo, urefu wake kama kilomita tano, na wakazi hawafiki 200. Columba, mtawa kutoka Ireland, alitua hapo mwaka 563. Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, wakaja kupora, wakarudi tena. Mwaka 806 waliua watawa 68. Mnamo mwaka 1200 hivi watawa Wabenediktini wakajenga abasia ya mawe, yaani makao ya watawa pamoja na kanisa lao. Ni shirika lilelile tunalolijua Peramiho na Ndanda. Mageuzi ya dini ya mwaka 1560, Scotland ilipoacha Ukatoliki, yakaifunga, na paa likaanguka polepole, kama yanavyoanguka mapaa yote yasiyo na mwenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mwaka 1899 mwenye ardhi, Mtawala wa Argyll, aliyakabidhi magofu yale kwa bodi ya wadhamini wa Kanisa la Scotland. Aliweka sharti: Wakristo wa madhehebu mengine nao waruhusiwe kuabudu humo. Kwa hiyo kabla mtu hajashika mwiko, hati ilikuwepo, na matumizi ya jengo yalikuwa yameandikwa. Wadhamini wakaezeka kanisa, na kufikia 1910 lilikuwa limekamilika. Lakini nyumba za kuishi zilizolizunguka, yaani bweni, ukumbi wa chakula na vyumba vingine, zilibaki kuta tupu. Kanisa zima, nyumba gofu. Watu wakaja, wakasali, wakaondoka na feri ya jioni.

Ndipo akatokea George MacLeod. Alikuwa mchungaji wa Govan, mtaa wa viwanda vya meli jijini Glasgow, wakati wa mdororo wa miaka ya 1930. Waumini wake walikuwa mafundi hodari waliokaa bure. Na wachungaji vijana waliotoka chuoni walijua Kigiriki na Kiebrania, ila hawakujua la kumwambia fundi aliyekosa kazi. Mwaka 1938 aliacha usharika wake, akawachukua wa makundi yote mawili akawapeleka Iona. Waliishi kwenye vibanda vya mbao kando ya magofu.

Mpangilio wa kazi ndio ulionivutia mimi kuliko kitu kingine chochote. Mwashi alikuwa mkubwa wa kazi na mchungaji alikuwa kibarua wake. Mwenye digrii ndiye aliyebeba mawe, akakoroga mchanganyiko, akaambiwa arudie. Asubuhi na jioni wote walisali pamoja. Kiangazi kikiisha, wachungaji walirudi mijini kuhudumu katika mitaa maskini. Nimeona vyama vingi hapa kwetu ambako kamati inakaa chini ya mwembe na fundi yuko juani peke yake. Samahani, sijataja jina la mtu.

Msidhani walishangiliwa. Wengine walisema ule ni Ukatoliki ulioingia kwa mlango wa nyuma. Wengine wakasema ni ukomunisti. Pesa zilitafutwa kwa shida. Inasimuliwa kwamba tajiri mmoja wa meli, Sir James Lithgow, alimuuliza MacLeod kama angeacha msimamo wake wa kupinga vita ili apewe pauni 5,000. Akakataa katakata. Tajiri akampa hata hivyo. Vita vilipoanza, mbao zikaadimika kabisa. Hapo kuna kisa kingine kinachopendwa sana: meli iliyozidiwa na dhoruba ilitupa shehena yake ya mbao baharini, nazo zikaelea hadi pwani ya Mull, ng'ambo tu ya Iona. Mimi hukisimulia kwa furaha, lakini mhazini wenu asikiweke kwenye bajeti.

Nifungue mabano kidogo, maana sisi ni Waafrika. Huyuhuyu MacLeod, mwaka 1959, alisimama kwenye Baraza Kuu la Kanisa la Scotland kuwatetea Waafrika wa Nyasaland, Malawi ya leo, waliokuwa wakilipinga Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lililotawaliwa na walowezi. Nafunga mabano.

Nyumba za kuishi zilikamilika mwaka 1965. Miaka 27! Na hata hapo urembo ulikuwa bado. Ukienda leo kwenye baraza inayozunguka ua wa ndani, tazama vichwa vya nguzo. Nguzo nyingi za kale zilikuwa zimepotea, hivyo mchongaji Chris Hall alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1960 hadi ya 1990. Hakuiga ya zamani. Alichonga mimea na ndege wa huko, kila kichwa na sura yake, na mtaalamu akitazama mara moja anajua lipi la kale na lipi jipya. Kwangu huo ndio uungwana katika kazi hii.

Kuhusu vifaa nitapita haraka, maana mhandisi wenu atazungumza mchana. Kuta za kale zilizojengwa kwa chokaa mzizibe kwa chokaa. Saruji mara nyingi ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Maji yakinaswa nyuma yake yanatafuta njia ya kutokea kwenye jiwe, na jiwe linamenyuka.

Nirudi kwenye yaliyofuata baada ya sherehe. Jamii ya Iona, yaani kundi lile alilolianzisha MacLeod, ilijaza nyumba ile wageni, vijana, semina, sala. Hiyo ndiyo iliyoifanya isirudi kuwa gofu. Hata hivyo jengo la mawe kwenye upepo wa chumvi halishibi. Mwaka 2000 utunzaji wa majengo ulikabidhiwa kwa idara ya serikali ya Scotland inayohusika na mambo ya kale, na Jamii ikabaki kuwa mkazi wake. Baadaye ilibidi vyumba vya kulala vifungwe ili vikarabatiwe upya, vikafunguliwa tena mwaka 2021, baada ya kuchangisha mamilioni ya pauni. Waliojenga kwa mikono yao hawakuweza kutunza peke yao. Sioni aibu hapo. Aibu ni kuanza bila kuuliza.

Mpango wenu nimeusoma. Kuna ukurasa wa paa, wa madirisha, hata wa utepe utakaokatwa. Hakuna mstari unaosema nani atapanda ngazi kila mwaka kabla ya mvua za masika kuzibua mifereji, na atalipwa kutoka mfuko gani. Hakuna pia nakala ya hati ya kiwanja. Nimeambiwa mwenye hati yumo humu ukumbini. Bwana Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, swali la kwanza naomba niulize mimi, na nimuulize yeye.