Ufunguo Ulimpa Nani?

(Mazungumzo na wamiliki na madereva wa bajaji, bodaboda na magari ya abiria, Uyole, Mbeya. Yameandikwa kama yalivyozungumzwa.)

Haya, nadhani mnanisikia mpaka huko nyuma, hii maiki inakoroma kidogo ila tutaenda nayo hivohivo. Wa Rungwe ndaga fijo, wa Iringa na Njombe kamwene, wengine wote habari za asubuhi. Mnaonijua mnajua nitasema nini, kuna mtu hapo mlangoni kaniuliza, mzee leo tena ufunguo? Nikamwambia leo tena ufunguo, na mwakani nikiwa hai ni ufunguo.

Mi nimefundisha udereva miaka mingi, sasa hivi nakatia watu bima, kwa hiyo hili balaa nimeliona pande zote mbili. Na kila kikao cha namna hii tunakaa tunamsema kijana. Kijana hana leseni, kijana anakimbiza, kijana amevaa kandambili. Sawa. Lakini hiyo bajaji kaiokota wapi? Ya milioni kadhaa, kaiokota mtaroni? Kuna mtu mzima, ana familia, ana kiti chake kanisani, asubuhi kampa ufunguo akamwambia jioni niletee hesabu. Huyo hatumsemi, na huyo ndo nimekuja kumsema, na najua mmejaa humu, msiangalie chini.

Nina dada mmoja, mstaafu mwenzangu, namheshimu sana. Kiinua mgongo chake alinunua bajaji moja. Akaja kwangu nikamkatia bima ndogo, akalipa cash, akaweka karatasi kwenye bahasha ya kaki, akaenda zake. Dereva alimpata mzuri tu, kijana ana leseni, mimi mwenyewe niliiona. Sasa yule kijana alikuwa na kashamba kake ka viazi huko juu, siku ya kwenda kupulizia dawa anamwachia deiwaka, yani wa kumshikia kwa siku. Deiwaka ni rafiki yake, wanalala geto moja, leseni hana, alijifunzia palepale kijiweni kwa kuzungushazungusha bajaji za watu wakati wenzake wanakula. Na dada yangu alikuwa anajua! Hapo ndo naumiaga. Alikuwa anamuona deiwaka analeta hesabu jioni, hela kamili, anapokea, anasema asante mwanangu. Hajawahi kumuuliza leseni iko wapi, kwa sababu hela ilikuwa kamili.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, mnaijua Uyole ikinyesha, ukungu umeshuka mpaka taa za lori unaziona zimefika. Deiwaka anakuja na abiria watatu, kuna mama anauza viazi pembeni, sado zake nne kazipanga vizuri kabisa, kajifunika mfuko wa sandarusi. Deiwaka kakata kona kwa spidi ya jua kali, bajaji ikaserereka, ikapiga zile sado ikampiga na mama. Mi nilifika kama nusu saa baadae, nikakuta viazi vimetapakaa mtaroni mpaka kwenye kalavati, watoto wanaokota wanaweka kwenye sweta za shule. Ile picha haijanitoka. Mama mguu umevunjika mahali pawili.

Kesho yake dada kaja na bahasha yake ya kaki. Kaka, bima si nimekata? Nikamwambia umekata. Basi waje watengeneze bajaji yangu. Nikamwambia dada kaa kwanza.

Sasa hapa nataka msikilize maana hili nimelieleza mara mia na bado. Bima ndogo sio yako. Unalipa wewe, stika inasoma chombo chako, lakini sio yako. Ni ya mtu wa tatu, yani yule usiyemjua, muuza viazi, mwanafunzi anayevuka, ndo mwenye nayo, wewe unamtunzia tu. Chombo chako kikipondeka bima ndogo haikujui, hiyo ni kazi ya bima kubwa. Watu wanakuja kwangu wamekasirika, wananiita tapeli, eti nimelipa laki na kumi na nane ya gari na taa haijalipwa! Taa yako inahusiana nini na mtu wa tatu?

Halafu sikumalizia. Kampuni ya bima, na jina silitaji hapa, swali lao la kwanza lilikuwa nakala ya leseni ya dereva aliyekuwa kwenye usukani. Sio wa kwenye mkataba, aliyekuwepo. Dada akaleta ya yule kijana wa shambani. Ripoti ya trafiki ina jina jingine. Basi pakaanza maneno, masharti yamevunjwa, sijui barua imeandikwa, sijui irudi makao makuu. Sheria imeweka njia ya kampuni kulipa hukumu ya mtu wa tatu, lakini hiyo njia inapita mahakamani, na ukienda na kesi ambayo usukani ulishikwa na asiye na leseni, wakili wa kampuni atang'ang'ania hapohapo mpaka mchoke.

Na yule mama wa viazi? Hakufika hata huko. Shemeji zake wakakaa na dada yangu, wakayamaliza kinyumbani. Wakapewa laki tatu, wakaandika tumeelewana, wakasaini. Ile hela haikufika hata kwenye vyuma vya mguu. Hakuna aliyemwambia mama shika PF3 yako, ile fomu ya polisi ya majeruhi, piga picha ile stika, kuna haki yako pale. Mimi nilimwambia, ila nilimwambia baada ya kusaini.

Unaona sasa, bima ilikuwepo, hai, sio feki. Ufunguo ukaiua.

Ndo maana nawaambiaga leseni na bima ni ndugu wa tumbo moja, ukimuua mmoja mwingine anabaki jina tu. Na sheria wala haikumwacha mwenye chombo. Sura ya 169, hii ya bima ya vyombo vya moto, inasema ni kosa kutumia chombo barabarani bila bima, na haikuishia hapo, inataja pia kumruhusu mtu mwingine atumie. Kuruhusu! Na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 kwenye leseni ni hivohivo, anayeendesha na anayemwachia aendeshe. Wewe tajiri umekaa nyumbani unakunywa chai na viazi, kosa unalo.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mzee leseni ni ghali. Haya tupige hesabu. Tuchukue leseni ya gari, elfu 70, miaka mitano. Ni elfu 14 kwa mwaka, kwa siku haifiki hata shilingi 40. Pipi sasa hivi unapata kwa shilingi 40? Haya ngoja, najua mtanirushia chupa, sio elfu 70 peke yake, kuna ada ya chuo cha udereva, kuna siku unazopoteza bila kupiga kazi, kuna kuzungushwa njoo kesho njoo Jumatatu mtandao uko chini, hilo nakubali na mimi limenikera, mwaka juzi kwenda kurenew yangu nilienda mara nne, mimi mwalimu! Kwa hiyo sisemi kijana wa kijiweni anaona raha. Nasema wewe mwenye bajaji unayepokea hesabu kila siku Jumatatu mpaka Jumapili, mlipie chuo, halafu hiyo hela umkate kidogokidogo. Wapo wanaofanya hivo hapahapa Mwanjelwa na vyombo vyao vinalala salama.

Mwingine atasema trafiki wenyewe wanapokea. Afande yupo pale nyuma ananiangalia, kwa hiyo hapo nitapita haraka. (Watu wanacheka.) Ila niseme moja tu afande utanisamehe. Watu wanapiga hesabu, faini ya gari ni elfu 30, bima ni zaidi ya hapo, basi bora nikamatwe. Ni hesabu ya mtu ambaye hajawahi kugonga. Aliyegonga hapigi hiyo hesabu tena.

Muda umeenda, mwenyekiti ananionesha saa, basi haya mengine nayapitisha.

Stika feki. Msinunue stika kwa mtu anayekupigia simu usiku. Toa simu sasa hivi, ingia TIRA MIS, mtandao wa mamlaka ya bima, andika namba ya usajili, utaona bima iko hai au hakuna kitu. Abiria nae anaweza kuangalia, sio siri. Toeni, toeni, mi nasubiri. Huyu bwana wa kosta mbona uso umebadilika? Imeisha lini? Mwezi wa nne! Na leo umeleta watu kutoka Tukuyu. Haya, usiitoe hapo ilipo mpaka tuongee.

Madaraja ya leseni. Mtu ana D ya gari lake dogo la kwenda nalo harusini, anapewa kosta ya abiria. D sio C ya abiria jamani. Na hiyo C haikupi lori, lori ni E. Kuwa na leseni tu haitoshi kama sio ya hicho chombo.

Malori, hapa nilikuwa na mengi. Dereva katoka Dar na mzigo wa Kongo, kapanda Kitonga usiku, akifika Makambako macho hayafunguki anamwamsha utingo, shika kidogo mpaka Igawa. Utingo leseni hana. Kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mipaka, anayo kwenye dashibodi, karatasi zote za mpakani zimenyooka, na kule mbele kuna Mlima Nyoka na mteremko wa Iwambi unamsubiri. Mwenye lori yuko Dar, ukimpigia anasema dereva wangu ana uzoefu miaka 20. Ndio, na amelala kitandani nyuma ya siti.

Matrekta na pickup za kupeleka watu guliani hizo naziacha, tungekuwa hapa mpaka usiku.

Maswali, mwenyekiti anasema baada ya chai. Mi nitakuwa pale kwenye meza ya dirishani, ila anayekuja aje na kadi ya chombo na leseni ya anayekiendesha. Ya anayekiendesha leo, sio ya yule aliyeenda shambani.