Kinyonga wa Itombwe na maandishi yaliyo mwilini mwake

NSIMIRE: Karibuni wasikilizaji, tukiwa hapa Bukavu. Leo tunazungumza juu ya jenomu, yaani maandishi yote ya vinasaba yaliyomo katika seli za kiumbe, na jinsi yanavyoweza kuwasaidia vyura, vinyonga na mamba ambao wanazidi kupungua. Ndugu Mugisho, anza na kinyonga, maana ndiye aliyenifanya nione kwamba jambo hili linatuhusu sisi wenyewe.

MUGISHO: Asante, dada Nsimire. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba kinyonga mmoja wa msituni, anayeitwa kisayansi Kinyongia adolfifriderici, ameenea katika milima ya Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda. Mwaka 2017 kundi la watafiti, akiwemo Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro, lililinganisha vinasaba na maumbile ya vinyonga hao, likaonyesha kwamba chini ya jina lile moja walikuwamo wanyama wa spishi tofauti. Yule wa nyanda za juu za Itombwe, hapa Kivu Kusini, akapewa jina lake, Kinyongia itombwensis. Nami hufurahi kila ninapokumbuka kwamba jina hilo la kwanza limetokana na neno letu la Kiswahili.

NSIMIRE: Lakini mnyama ni yule yule juu ya tawi lile lile. Jina jipya linambadilishia nini?

MUGISHO: Linabadilisha hesabu ya hasara. Mnyama akidhaniwa kuwa ameenea nchi nne, msitu mmoja ukifyekwa mtu hujiliwaza kwamba wenzake wapo kwingine. Ukishajua kwamba wa Itombwe ni wa peke yake, huna pengine pa kukimbilia. Ndivyo ilivyokuwa kwa mamba wa pua nyembamba. Mwaka 2018 watafiti walithibitisha kwamba wale wa Afrika ya Kati na wale wa Afrika Magharibi ni spishi mbili zilizotengana zaidi ya miaka milioni 6 iliyopita. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba wale wa magharibi wamebaki wachache mno, ilhali awali hesabu yao ilifichwa na ya ndugu zao wa huku.

NSIMIRE: Nikusahihishe kidogo kwa faida ya msikilizaji. Kazi ya kinyonga ilitumia vipande vichache vya vinasaba, si jenomu nzima. Jenomu nzima inaongeza nini?

MUGISHO: Umesema kweli. Vipande vichache hukuambia huyu ni nani. Jenomu nzima hukueleza pia hali ya ukoo wake. Tazama sokwe wakubwa wa nyanda za chini, yaani gorila, wale tunaowafahamu kutoka hifadhi ya Kahuzi-Biega. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulisoma jenomu kutoka mabaki yaliyohifadhiwa katika makumbusho kwa karibu miaka 100, ukazilinganisha na za sokwe walio hai. Ukakuta kwamba katika vizazi vichache tu wamepoteza sehemu ya utofauti wao wa vinasaba, kuzaana kwa ndugu kumeongezeka, na kasoro zenye madhara zimejilimbikiza. Mlinzi wa hifadhi anaweza kuwahesabu sokwe asubuhi nzima asiione hasara hiyo.

NSIMIRE: Na dawa yake ipo?

MUGISHO: Wakati mwingine ipo, na mfano ninaoupenda ni wa nyoka. Kusini mwa Uswidi, mahali panapoitwa Smygehuk, palikuwa na kundi dogo la vipiribao, aina ya nyoka wenye sumu, lililotengwa na mengine, na watoto wengi walikuwa wakizaliwa wamekufa au wana ulemavu. Mwaka 1992 madume 20 yaliletwa kutoka eneo lingine, yakaachwa yapandane na majike wa hapo kwa misimu minne, na baada ya miaka michache kundi likaongezeka upesi. Lakini usichukue wanyama wa bonde moja ukawamwaga katika bonde jingine kabla ya kujua kama ni ndugu kweli. Ungewafanyia hivyo vinyonga wetu kabla ya 2017, ungechanganya spishi huku ukiamini unawaokoa.

NSIMIRE: Tuje kwa vyura, maana wao wana adui mwingine.

MUGISHO: Kuvu wa ngozi. Chura hunywa maji na kupitisha chumvi kwa ngozi yake, na kwa sehemu hupumua kwayo. Kuvu huyo akishaiharibu, chumvi za damu huvurugika na moyo husimama. Tathmini ya mwaka 2019 ilimhusisha na kupungua kwa spishi 501 za amfibia, yaani vyura na jamaa zao, duniani, 90 kati yake zikidhaniwa zimetoweka kabisa. Kwa kulinganisha jenomu za kuvu mwenyewe kutoka mabara mbalimbali, wanasayansi walifuatilia asili yake hadi Asia ya Mashariki.

NSIMIRE: Waeleze jinsi sampuli inavyochukuliwa.

MUGISHO: Unavaa glovu mpya kwa kila chura, ili usimpelekee mmoja ugonjwa wa mwingine. Unampitishia kijiti chenye pamba tumboni na kati ya vidole, taratibu, kisha unamrudisha pale pale ulipomtoa. Kijiti kinaingia katika kichupa chenye spiriti, na lebo inaandikwa kwa penseli, kwa kuwa spiriti ikimwagika hufuta wino. Kabla ya kuvuka kwenda kijito kingine, buti zinasuguliwa na kuoshwa kwa maji ya javeli, yaani dawa ya klorini.

NSIMIRE: Na kazi yote hiyo inaweza kupotea kwa usiku mmoja.

MUGISHO: Inaweza. Katika maabara moja nimewahi kufungua friza baada ya umeme kukatika siku kadhaa, nikakuta tishu zilizokusanywa kwa majuma zimeoza. Ndiyo maana sampuli nyingi husafirishwa Ulaya na Marekani, na ndiyo maana majibu hurudi kwetu kwa kuchelewa, au hayarudi. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa juu ya matumizi ya vinasaba vya viumbe ulioanza kutumika mwaka 2014, inataka nchi yenye viumbe ikubali kwanza na igawiwe faida. Mimi nahesabu kwamba faida ya kwanza ni vijana wa Bukavu kufundishwa kusoma jenomu hapa hapa, kwa kuwa siku hizi ipo mashine ya kusomea vinasaba inayotoshea kiganjani.

NSIMIRE: Hata hivyo jenomu za amfibia ni ngumu. Ya mtu ina herufi karibu bilioni 3. Ya aksolotli, salamanda wa Meksiko, ina bilioni 32.

MUGISHO: Ndiyo, na ukubwa huo ni gharama. Kwa hiyo si lazima kuanza na jenomu nzima. Yupo chura mdogo wa Itombwe mwenye rangi ya dhahabu, aliyeonekana mwaka 1950, kisha asionekane tena na watafiti hadi 2011. Kwa mnyama kama huyo unaweza kuchuja maji ya kinamasi na kutafuta vinasaba alivyoviacha, bila kumgusa. Lita chache za maji, kichujio, na mtu wa kijiji anayejua kinamasi kipi hakikauki wakati wa kiangazi.