Fungua Dari Kabla ya Kufungua Kopo la Rangi

Asalaam aleikum, na habari za jioni. Haya nimeyasema Ngamiani, nikayasema Chumbageni, mitaa ya Tanga, na leo nayarudia, kwa sababu bado watu wananipigia simu: "Fundi, nauza nyumba, rangi gani inaficha mchwa?"

Hakuna.

Mwaka juzi mama mmoja muuguzi alinichukua nikamkagulie nyumba. Vyumba vinne, harufu ya rangi haijaisha, na malipo ya awali ameshatoa. Nikagonga fremu ya mlango kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima hulia ko. Ile ikalia pu, kama boksi tupu. Nikaweka kidole gumba, wala sikusukuma; rangi ikapasuka kama ganda la yai, kidole kikazama. Ndani hamna mbao, ni udongo mkavu na mchwa weupe wanaokimbia mwanga. Ndivyo wanavyokula: wanamaliza ndani, ngozi ya juu wanaiacha. Tukapanda darini. Kenchi mbili, zile mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimeliwa hadi kwenye misumari. Na hapo ndipo nilipoona kilichonichoma: vile vijia vya udongo ukutani, anavyopitia mchwa, vilikuwa vimekwanguliwa, alama zake zikazibwa kwa saruji. Mwenye nyumba alipanda, akaona, akakwangua, akashuka kununua rangi. Yule mama alikaa sakafuni, hakusema neno.

Najua mtaniambia mnunuzi ana macho. Macho anayo, ngazi hana! Na msidhani ni suala la uungwana peke yake. Sheria yetu ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 17, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuukataa mkataba. Kunyamaza tu, mawakili watabishana. Lakini mwiko wa saruji na ndoo ya rangi si kunyamaza.

"Sasa fundi, nikisema kweli nani atanunua?" Jamani! Mchwa hawali tofali. Hawali bati. Hawali kiwanja, na wengi wanaokuja kuuliza bei wanakitaka kiwanja. Kilicholiwa ni mbao, na mbao zinahesabika: kenchi ngapi, papi za kupigilia bati futi ngapi, fremu ngapi. Mwite seremala afungue dari, aandike, gharama ile uitoe kwenye bei, karatasi umpe mnunuzi mkononi. Anayegundua peke yake huogopa mpaka msingi, na bei atakayotaja ni ya woga. Yule mama alikuwa tayari kununua hata nyumba yenye mchwa. Aliniambia mwenyewe. Alichoshindwa ni kumwamini tena muuzaji kwa jambo lolote, hata mipaka ya kiwanja.

Dawa, kwa haraka. Kupuliza kopo la dawa ya mbu ni kupoteza hela, kiota chenyewe kiko ardhini. Fundi wa dawa hutoboa sakafu kandokando ya kuta, akamimina. Msitie mbao mpya kabla ya hapo, hasa za msonobari. Mvule na mninga vinawashinda mchwa, bei yake mnaijua. Na mvua zikianza, mkiona mbawa za kumbikumbi, ndio mchwa hao hao wanaoruka, zimelala dirishani kwa ndani, msizifagie mkasahau.

Nilitaka kusema na nyumba za urithi, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenye nyumba ya kuuza abaki. Bisibisi ninayo, na ngazi iko nje kwenye pikapu.