Chupa Iliyolia Newfoundland

Hamjambo watoto? Sogeeni mbele, msiogope.

Leo twende mbali, kisiwa cha Newfoundland, kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki. Siku hizi ni sehemu ya Kanada. Huko barafu huelea baharini mapande kwa mapande, mengine makubwa kama ghorofa.

Nani amewahi kuona ng'onda ukianikwa? Wengi! Basi habari yenyewe inaanzia kwenye samaki mkavu. Kila kiangazi Waingereza walivuka bahari kwenda kuvua samaki wa maji baridi aitwaye kod. Walimpasua, wakamtia chumvi, wakamwanika juu ya chanja za miti. Baridi ikikaribia, wanatweka tanga, wanarudi kwao.

Mwaka 1610 wafanyabiashara wa London na Bristol wakaona afadhali watu wao wakae kule mwaka mzima. Wakapewa hati ya ruhusa na Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kisiwa hicho. Agosti wakateremka wanaume 39 pamoja na kiongozi wao John Guy, mahali panapoitwa leo Cupids. Wakajenga nyumba, wakaizungushia boma la magogo, wakachonga mashua. Walikuwa na mbuzi na nguruwe. Mwaka 1612 walifika wanawake 16, na tarehe 27 Machi 1613 akazaliwa mtoto wa kiume.

Lakini hebu fikirini huyo mama alijifungua wakati gani. Majira yale ya baridi yalikuwa makali mno. Kambini mboga na matunda yalikuwa haba, na mwili usipopata vitamini C hushikwa na kiseyeye: ufizi unavimba na kutoa damu, meno yanalegea, miguu inakosa nguvu. Watu wanane walikufa. Wagonjwa wengine waliokolewa na tanipu, mboga ya mviringo inayokua chini ya udongo kama figili, ambayo waliila mbichi.

Kisiwa kile kilikuwa na wenyewe. Waliitwa Wabeothuk. Walijipaka ngeu, ule udongo mwekundu, mwilini na hata kwenye vyombo vyao, na walisafiri kwa mitumbwi ya magome ya miti. Novemba 1612 John Guy alikwenda kwa mashua kuwatafuta, akawakuta kwenye ghuba ya Trinity. Wao walipunga ngozi nyeupe ya mbwa mwitu, Waingereza wakapandisha bendera nyeupe. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Wakapeana zawadi, wakaimba na kucheza, wakaketi kula mkate na siagi na zabibu kavu. Mmoja wa Wabeothuk akachukua chupa ya kinywaji, akapuliza kwenye mdomo wa chupa hiyo. Ikalia vuuu! Wote wakaangua kicheko. Watoto, mimi huipenda sana habari hii, kwa sababu nanyi mngefanya vilevile.

Inasimuliwa kwamba mwaka uliofuata Wabeothuk walikusanyika tena pale pale kungoja biashara. Ikaja meli nyingine, isiyojua lolote kuhusu urafiki ule. Nahodha akadhani anavamiwa, akafyatua mizinga. Wabeothuk wakakimbilia msituni.

Miaka ikapita, wageni wakaongezeka, wakashika fukwe zote nzuri. Wabeothuk walitegemea pwani kwa samaki na sili, mnyama wa baharini. Wakasukumwa bara, wakapungua kwa njaa, kwa risasi na kwa kifua kikuu. Huu ni msiba, na nauita msiba mbele yenu kwa sababu hata mtoto anastahili kuambiwa kweli.

Wa mwisho tunayemjua kwa jina ni mwanamke aliyeitwa Shanawdithit. Alifariki mwaka 1829 katika mji wa St. John's. Kabla ya hapo alipewa karatasi na penseli, akachora nyumba za watu wake, vyakula vyao, njia walizopita juu ya ziwa lililoganda. Michoro hiyo ipo hadi leo. Mmojawapo ni wa mwanamke anayecheza ngoma.