Kitendawili cha Unst

Kitendawili!

Nasubiri. Najua mmeitikia "tega", hata wewe uliye kwenye daladala na jirani anakuangalia kwa jicho la pembeni.

Vinne vinaning'inia, vinne vinatembea, vinne vimesimama kuelekea mbinguni, viwili vinaonyesha njia ya shambani, na kimoja kinakuja nyuma kikitikisika.

Kaa nacho. Jibu baadaye.

Habari zenu ndugu zangu, shikamooni wazee. Samahani kwa huu upepo, nimefunga soksi kwenye maikrofoni lakini hapa upepo hausikii la mtu. Niko Lerwick, Shetland. Ukiangalia ramani ya Uingereza, panda juu, pita Scotland, endelea hadi udhani ramani imekwisha. Visiwa vile ambavyo mara nyingi wanavichora ndani ya kiboksi pembeni, ndiko niliko. Meli ya kutoka Aberdeen inalala njiani usiku mzima. Desemba jua linachomoza saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri limeshaaga.

Sasa, jina hilo Lerwick si la Kiingereza. Ni *Leirvík*, ghuba ya tope. Na karibu kila jina hapa liko hivyo: mwamba, ghuba, shamba, kilima. Kwa sababu kwa karne nyingi watu wa hapa na wa visiwa vya jirani vya Orkney walikuwa Wanorse, waliovuka bahari kutoka Norway miaka elfu moja na mia mbili hivi iliyopita. Lugha yao ilikuja kuitwa Kinorn. Na kabla hamjaanza kuwahurumia, waliwakuta watu hapa, Wapikti, na lugha ya Wapikti visiwani humu ilifutika kiasi kwamba hata kwenye majina ya mahali ni shida kuiona. Anayeliliwa leo naye aliwahi kuliza.

Ilivyokuwa hadi visiwa vikahamia Scotland, hii nitawasimulia vizuri maana ni kesi ya harusi, na kesi za harusi sisi tunazielewa. Mfalme Christian wa Kwanza wa Denmark na Norway alikuwa anamwoza binti yake Margaret kwa James wa Tatu wa Scotland. Kule anayetoa mali ni baba wa binti, si bwana harusi. Makubaliano yalikuwa florini 60,000. Christian hana kitu. Akasema, nitatoa 10,000 taslimu, hizo 50,000 shikeni Orkney rehani. Hiyo ni 1468. Mwaka uliofuata zile 10,000 nazo hazijatimia, zimepatikana 2,000 tu. Basi Shetland nayo ikawekwa rehani, kwa 8,000 zilizobaki. Shetland, kwa maneno mengine, ni deni la shughuli. Wadenmark walikuja kuomba kukomboa rehani yao zaidi ya mara moja, Waskoti wakawa wanapiga chenga. Hadi leo haijakombolewa.

Lakini lugha haikufa siku ya harusi. Iliendelea zaidi ya miaka mia tatu. Wakaja makabaila wenye mashamba, wakaja mapadri, wakaja mahakimu, wote na Kiskoti chao. Ukitaka kesi yako isikilizwe, Kiskoti. Ukitaka kuelewa mahubiri, Kiskoti. Kinorn kikabaki jikoni na kwenye mashua. Halafu siku moja mama fulani jikoni kwake akaona hakuna haja ya kumchosha mtoto na lugha mbili, akamsemesha ile ya sokoni. Jirani yake akafanya vilevile.

Mwaka 1774 alifika mchungaji mmoja, George Low, kwenye kisiwa cha Foula, magharibi huko, ambako mpaka leo mawimbi yakikataa huendi. Akamkuta mzee William Henry. Mzee akamghania utenzi wa beti 35 kwa Kinorn, habari za mtawala wa Orkney aliyetoroka na binti wa mfalme wa Norway. Low hajui Kinorn hata neno. Akaandika anavyosikia sikioni. Na mzee mwenyewe? Kisa anakijua, beti anazo kichwani zote, lakini kutafsiri mstari kwa mstari hawezi.

Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Maana bibi yangu kule Muheza ni Mbondei wa kuzaliwa na kukulia, na mimi nina nyimbo zake mbili za kunibembelezea, naziimba bila kukosea silabi, na sijui zinasema nini. Mama alinilea kwa Kiswahili. Sina kinyongo naye, Kiswahili ndicho kinachonilipia hata bando la kupakia hii video. Ila yule mzee wa Foula nilimtambua kama ndugu.

Wanasema mtu wa mwisho kukijua Kinorn alikuwa Walter Sutherland, wa Skaw kisiwani Unst, aliyefariki kama 1850. Binafsi hizi habari za "wa mwisho" huwa nazitilia shaka, pengine kulikuwa na bibi mmoja nyuma ya mlima ambaye hakuna aliyemuuliza. Maana miaka arobaini na kitu baadaye, 1893, alikuja kijana Jakob Jakobsen kutoka visiwa vya Faroe, ambako lugha yao ni binamu wa Kinorn, na akazunguka nyumba kwa nyumba hadi 1895. Lugha hakuna tena anayeisema. Lakini akaondoka na maneno kama 10,000! Ya mavazi, ya kondoo, ya aina za mawimbi, ya mtu anavyotembea akiwa na hasira. Watu walikuwa nayo mdomoni wakidhani ni lahaja yao tu ya kishamba. Kamusi yake ilianza kutoka 1908 ikamalizika 1921, yeye mwenyewe ameshafariki tangu 1918.

Na wavuvi ndio walikuwa ghala. Bahari kuu waliiita *haaf*. Ukishaingia haaf, maneno ya nchi kavu unayaacha ufukweni, ni mkosi. Padri hutamki padri, unasema "yule anayesimama". Kanisa ni *benihoose*, nyumba ya dua. Bibi yangu usiku hakutaja nyoka, alisema kamba. Sihitaji kuwaeleza zaidi.

Mkija hapa Januari mtaonyeshwa Up Helly Aa, Jumanne ya mwisho ya mwezi, wanaume kwa mamia na mienge, siku hizi na wanawake wameruhusiwa, wanachoma jahazi la Kiviking. Pazuri, nendeni, vaeni makoti mawili. Ila sherehe yenyewe ni ya juzi, jahazi la kwanza lilichomwa 1889. Mimi masikio yangu yako kwa mwenzangu kazini anayesema *voar* kwa majira ya kupanda, anayeita *noost* kile kishimo cha kuhifadhia mashua ufukweni, na hajui kwamba anaongea na Walter Sutherland.

Kile kitendawili nilichowategea, hapa kinaitwa *guddick*. Jakobsen alikisikia Unst: *Fira honga, fira gonga, fira staad upo skø, twa veestra vaig a bee, and een comes atta driljandi.* Sikieni, katikati hapo Kiskoti kimeshaanza kupenyeza.

Jumapili nilimpigia bibi nikamtegea. Sijafika kwenye kile kinachotikisika, ameshajibu: "Ng'ombe. Chuchu, miguu, pembe na masikio, macho, mkia. Watoto wa huko ndiyo mnategeana hivi vya chekechea?" Kisha akanitegea yeye, kwa Kibondei. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba kwa Kiswahili. Akakataa katakata.

"Nipe mji," akasema.

Nikampa Lerwick.

"Huo una nini?"

"Una upepo, bibi."

"Sitaki. Nipe mwingine."